Swichi Kubwa ya Mlangoni

Kaplong,
9 Machi 2025

Kwako binti yangu Chelimo,

Chamgei. Mimi ni mzima, magoti yakiacha kulalamika. Ndugu yako Kipkemoi anakusalimu kutoka Kedowa. Viazi vimemkubali mwaka huu na ameanza kunenepa shingo. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Mvua inatuchezea, inanyesha upande wa kiwanda inatuacha sisi, kwa hivyo majani si mengi, lakini jirani yetu Mongina bado anakuja kutuchumia chai na hajaacha tabia yake ya kuninong'oneza siri za watu, akijua vizuri mimi ni kiziwi.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta ya mama yako imeugua. Ukiiwasha inaonyesha alama yake, vidoti vinazunguka, inaandika kwamba inajitengeneza, halafu skrini inakuwa ya bluu na kusema imeshindwa. Inajizima, inajiwasha, inaanza tena hadithi ile ile. Niliibeba kwa pikipiki mpaka mjini kwa Zack, yule kijana wa duka la simu. Aliitazama kidogo, akachukua kalamu akaniandikia, maana anajua masikio yangu niliyaacha kwenye mitambo ya kiwanda: "Mzee hii tunafomati tu. Kesho iko sawa." Nikamuuliza kufomati ni nini. Akaandika: "Inakuwa kama mpya, haina kitu ndani." Nikaikumbatia nikarudi nayo nyumbani.

Mpya isiyo na kitu ndani siitaki. Wewe kazi yako ni kutunza kompyuta za chuo huko Lodwar. Niambie la kufanya, nitafanya kwa mkono wangu. Nimefungua na kufunga mashine za kusaga chai tangu ujana mpaka kustaafu, kwa hivyo hii ya mezani hainitishi.

Usinipigie simu. Ukipiga inatetemeka mfukoni na mimi nabaki kuitazama. Meseji nazo ni herufi za kusomwa na sisimizi. Andika karatasi, mpe mtu wa basi, itanifikia.

Iliharibika yenyewe. Mimi sikufanya kitu.

Ni mimi baba yako,
Aron


Lodwar,
27 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Chamgei mising. Barua yako ilinikuta nikiwa mzima, ila joto la huku limetushika shingoni. Hongera kwa ndama. Mwambie Kipkemoi akinenepa zaidi asitumie jina letu. Msalimie Mongina, na umwambie siri zake aniandikie mimi, nitazisoma zote.

Kuhusu kompyuta, nitasema wazi. Zack hakukosea sana. Kompyuta ikifika hapo, wengi hufomati, wakaweka Windows upya na maisha yakaendelea. Mashine yenyewe ni kuukuu, mama aliinunua shuleni kwake wakati shule ikiondoa za zamani. Najua ndani kuna nyimbo za kwaya ya kina mama, na mitihani yake ya darasa la sita. Mitihani haina wa kuifanya tena. Nyimbo nazo, Baba, samahani, wewe huzisikii. Ni nini hasa unachokitaka humo?

Kama kipo, usimpe Zack. Lakini kwanza nijibu kama fundi, si kama mshtakiwa. Siku ile kabla haijaugua, skrini iliandika nini? Na uliizima vipi?

Pasaka sitaweza kufika. Kazi ni nyingi.

Wako,
Chelimo


Kaplong,
22 Aprili 2025

Binti yangu,

Salamu nyingi za Pasaka. Mvua sasa imekuja na hasira zake zote, majani yamechipuka mpaka Mongina analalamika kikapu ni kizito. Nimekula Pasaka kwa Kipkemoi. Mkewe alipika vizuri, watoto wake walinipigia kelele masikioni mpaka nikakaribia kusikia.

Umeniuliza kama fundi, nakujibu kama fundi. Nilikuwa nimemaliza kuitumia. Skrini ikaandika kwamba inafanya kazi ya kujisasisha, imefika kiasi fulani kwa mia, nisizime. Nilingoja kidogo. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na ng'ombe alikuwa ananingoja. Nikazima swichi kubwa ya mlangoni nikatoka, kama ninavyofanya kila siku.

Usicheke. Kiwandani hakuna fundi anayefunga zamu na kuacha swichi kubwa juu. Nyabuto, mwenzangu wa zamu, aliwahi kuiacha mara moja na mkanda ukala sweta ya mtu, bahati mtu mwenyewe hakuwa ndani yake. Tangu hapo ukitoka unazima, hakuna mjadala. Mashine inayomwamuru mtu asiizime ina ugonjwa wa kichwa tangu mwanzo.

Kilichomo ndani ni cha mama yako. Hilo linatosha.

Sijakuuliza kwa nini hukuja. Mongina ndiye aliyeniuliza, aliniandikia kwa kidole kwenye vumbi la meza: "Chelimo atakuja lini? Ama alisahau huku?" Nikamwambia ni kazi.

Baba yako,
Aron


Lodwar,
4 Mei 2025

Baba,

Chamgei. Sisi huku tuko salama, mto ulifurika ukakata barabara lakini sasa magari yanapita.

Nimecheka, tena sana, na wenzangu ofisini wakaniuliza nina nini. Nimewaambia baba yangu ameua Windows kwa nidhamu ya kiwanda. Ilikuwa katikati ya kubadilisha viungo vyake, na wewe ukakata umeme. Ni kama mtu angemfukuza fundi akiwa amefungua gia zote na kuzitandaza sakafuni. Vitu vya mama vinaweza kuwa vipo bila kuguswa. Kilichovurugika ni ule mfumo unaoiamsha.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Nimeweka humo Windows kamili ya kusakinishia. Hatutaitumia kusakinisha, tutaitumia kuingilia ndani na kutengeneza. Ichomeke nyuma ya kompyuta, uiwashe huku ukigonga F12 bila kupumzika, kama mtu aliyebanwa anavyogonga mlango wa choo. Itakuja orodha, chagua jina lenye neno USB. Ikikuuliza lugha, bonyeza Next.

Hapo sasa usikimbie. Katikati ya skrini kuna kitufe kikubwa, Install now. Usikiguse. Hicho kinaweza kukupeleka kwenye fomati ya Zack kwa mlango mwingine. Tazama chini upande wa kushoto, kuna maandishi madogo, Repair your computer. Hayo ndiyo yako. Ndani yake fungua Troubleshoot, halafu Command Prompt. Skrini nyeusi ikija, andika notepad na ubonyeze Enter. Kikaratasi cheupe kitafunguka. Hatukitaki kwa kuandika, tunakifanya dirisha la kupitia. Bonyeza File, kisha Open, badilisha pale chini iwe All Files, uingie diski ya C, uende Users, kisha jina la mama. Unachokitafuta kikionekana, kibonyeze kwa upande wa kulia wa kipanya, Copy, halafu ukaki-Paste kwenye flashi. Toa vitu kwanza, matengenezo baadaye. Ukikuta kitu tofauti na nilivyoandika, simama uniandikie.

Na tafadhali, bandika kitu kwenye hiyo swichi ya mlangoni.

Bado hujaniambia ni nini unachokitafuta. Nikijua nitakusaidia vizuri zaidi.

Wako,
Chelimo


Kaplong,
8 Juni 2025

Chelimo binti yangu,

Salamu. Ndama amekua, ana kichwa kigumu kama cha marehemu shangazi yako. Kipkemoi alikuwa hapa, akasema ataninunulia laptopu mpya. Nikamwambia ajinunulie mkanda mrefu zaidi.

Bahasha yako ilichelewa kwa sababu ya akili za watu. Ililala Kericho kwenye ofisi ya vifurushi na wao wakawa wananipigia simu nije kuichukua. Walipiga, wakapiga, wakaandika kwenye bahasha kwamba mwenyewe hapokei. Nilikwenda mwenyewe kuuliza, nikamwonyesha msichana wa hapo masikio yangu. Aliona haya, maskini, akanipa na soda.

Nimefanya ulivyosema. F12 ilinikataa mara nyingi kwa sababu vidole vyangu ni vya spana, lakini nikaipata. Install now niliiona. Ni kubwa kweli, inakuita. Nilipita chini yake, nikaingia kwenye maandishi madogo, nikafika kwenye skrini nyeusi, nikafungua kikaratasi chako. Nikaingia diski ya C.

Chelimo, hamna kitu. Hakuna Users, hakuna jina la mama yako. Ni diski ndogo, tupu. Nimetazama tena na tena. Nikasimama kama ulivyosema. Nimezima, nimefunika kitambaa, na nimetundika kibao cha USIGUSE kama tulivyofanya kiwandani kwa mashine inayongoja fundi mkuu. Halafu nilikaa kwenye kiti chake nikalia. Nakueleza tu kama ilivyokuwa.

Uliuliza nini kilichomo. Ni video. Mama yako alisimamisha simu yake juu ya kopo la sukari, akajipiga akisafisha kibuyu cha maziwa ya mursik na kukipaka mkaa wa mti wa senetwet. Baadaye simu hiyo ilianguka kwenye ndoo, ikabaki ile ya kwenye kompyuta peke yake. Sauti sina haja nayo. Mimi namtazama midomo. Wewe unajua tangu masikio yaende hakuna mtu niliyemwelewa kwa midomo isipokuwa yeye. Nilikuwa naiwasha baada ya kukamua, anaongea na mimi kidogo, nazima, naenda zangu. Kanisani watu wananiambia pole wakitazama chini, hata pole zao sizioni. Yeye nilikuwa namwona.

Kama nimemfuta kwa mkono wangu niambie bila kuzunguka.

Aron


Lodwar,
15 Juni 2025

Baba,

Leo sitakusalimu kwa kirefu. Hujamfuta.

Kosa ni langu. Ukiingia kwa flashi, zile herufi za diski hubadilishana viti. Ile iliyokuwa C inaweza kuitwa D, na C ikawa kile kichumba kidogo cha mfumo, ndicho ulichokiona kikiwa kitupu. Hilo ninaliona kila siku kazini na sikukuandikia. Ondoa kibao, ingia tena kwa njia ile ile, ufungue D. Ukishaitoa video na kuiweka kwenye flashi, rudi nyuma kwenye Troubleshoot na utafute Uninstall Updates, uchague ya kwanza. Itaondoa yale masasisho uliyoyakata katikati. Itachukua muda. Nakuomba uende kwa ng'ombe na uache swichi.

Hiyo video alinitengenezea mimi. Nilimwomba anionyeshe kibuyu kinavyopakwa mkaa kwa sababu maziwa yangu huku yalikuwa yanaharibika. Akasema ameshaipiga, ni nzito, atanitumia akipata mtandao mzuri. Nikafikiri alisahau. Halafu akaugua, na sikuwa na moyo wa kumuuliza habari za kibuyu.

Na kwa kuwa umeniambia ukweli nami nitasema. Si kazi inayonizuia kuja. Wakati wa mazishi nilikuwa naongea na wewe na ukawa unageuka kutazama mahali alipokuwa akikaa, ukimngoja akuelezee nilichosema. Kisha ukaniambia kama zamani kwamba nakula maneno. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu sisi wawili. Niliogopa kukaa katika ile nyumba tukimiminiana chai bila neno. Ninaogopa hadi leo.

Barua hii nimempa mwalimu wa hapa chuoni anayesafiri kwenda Sotik, atakuletea mkononi.

Chelimo


Kaplong,
6 Julai 2025

Kwako Chelimo,

Chamgei, tena chamgei. Mwalimu wako alifika, nikamchinjia kuku, akala bila aibu. Baridi ya Julai imetushika, majani yamelala, Mongina anavaa makoti mawili. Sote wazima.

Ilikuwa kwenye D. Jina la mama yako, picha za kwaya, mitihani, na yeye hapo chini kabisa. Nilimpeleka kwenye flashi kwanza, ndipo nikatengeneza. Ilizunguka muda mrefu sana. Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe, nikarudi, bado. Nikakata mengine yasiyohitajika. Niliporudi tena ilikuwa imeamka, imeweka ile picha yake ya maua kwenye skrini kama mtu ambaye hakuwahi kulala. Nilipiga makofi peke yangu. Mongina alichungulia dirishani, nikamwonyesha kompyuta, naye akapiga makofi bila kujua sababu. Kwenye swichi nimetundika kile kibao cha USIGUSE. Sasa naenda kulala na swichi iko juu, na inanisumbua, lakini nitazoea.

Zack nilimpitia nikamweleza. Aliniandikia: "Mzee, kuja tufungue duka na wewe." Nimemwambia kwanza aache kufomati watu.

Sasa hili lingine. Ni kweli unakula maneno. Unaongea ukitazama pembeni na midomo umeibana kama mtu aliyeshika pini. Lakini hata mama yako mwanzoni alikuwa hivyo. Tuligombana sana, alinirushia hata kijiko. Alijifunza, na mimi nikajifunza. Mimi bado sijachoka kujifunza, na vijiko viko.

Flashi nairudisha kwako, na yeye yumo. Itazame upate habari za kibuyu chako. Na kuna jambo nakuomba, nimekaa nalo tangu tumzike. Katikati, akiwa na ufito wa sosiot mkononi anasugua kibuyu, anageuka kutazama mlangoni. Hapo mimi naona kitambaa chake cha kichwa na mgongo tu. Mabega yanatikisika, kwa hivyo anaongea, tena anaongea kirefu. Halafu anarudi kutazama simu akiwa anacheka. Mimi wakati huo nilikuwa nje napigilia ubao wa zizi, hata naonekana kidogo kwenye mwanga wa mlango. Nimetazama hapo mpaka macho yanauma. Sikuweza kumuuliza mtu mwingine, ingekuwa kama kumfungulia chumba chetu.

Akigeukia mlango, mama yako anasema nini?

Baba yako,
Aron


Lodwar,
23 Julai 2025

Baba yangu,

Chamgei mising. Flashi imefika. Nimejifungia na kumtazama. Nilikuwa nimesahau anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo. Nimelia, nikacheka, nikalia tena, sasa niko sawa. Kibuyu changu nilikuwa nakipaka mkaa kikiwa bado na maji, ndiyo sababu maziwa yalikuwa yanaharibika. Amenikaripia humo kana kwamba ananiona.

Kuhusu swali lako. Nyundo yako inapiga juu ya maneno yake, ilibidi nisikilize mara nyingi, lakini nimeyapata yote. Nakuandikia kama alivyosema.

Anaita kwanza, kwa nguvu: "Aron!" Unaendelea kupiga nyundo. Anaita tena: "Aron, geuka, Chelimo akuone!" Unapiga nyundo. Ndipo anashusha sauti na kusema na mimi, ingawa macho yake yako kwako: "Ona mimi nami, miaka yote hii bado namwita kutoka mlangoni. Chelimo, ukija nyumbani unikose, labda niko sokoni, wewe usifanye hivi. Usimwite kutoka mbali. Zunguka mpaka mbele yake, simama penye mwanga, umtazame, ufungue midomo. Si mtu mgumu huyu. Anataka tu kuona unaongea na yeye." Kisha anasema, "Ngoja nimalize kibuyu niende nimguse bega," na hapo ndipo anageuka akicheka.

Ni hayo tu, Baba. Hakuna siri. Alikuwa anakuita, na alikuwa anakusifu.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nitafika wiki ya kwanza ya Agosti. Nakuja na kibuyu, tukipake mkaa pamoja, uniambie kama nimekosea. Ukiwa kwenye zizi, endelea na kazi yako. Sitakuita kutoka mlangoni. Nitazunguka mpaka mbele yako, nisimame penye mwanga, ndipo nikusalimie.

Binti yako,
Chelimo